Mtetea na Pumba za Nguruwe

Palikuwa na Mtetea asiyejua kutulia. Alikuwa karibu kuatamia, naye alitaka nguvu za kukalia mayai yake hadi yaanguliwe. Alipoona Nguruwe ananenepa kwa pumba, akayaacha mahindi yake.

"Jirani, nigawie na mimi."

"Karibu," akasema Nguruwe, "ila tumbo langu si tumbo lako."

Mtetea hakusikia. Akala pumba kutwa, akainuka, akazunguka, akarudi kula tena. Kifua kikabaki mfupa. Kila alipoatamia alitetemeka, akanyanyuka, na mayai yakaanza kupoa.

Nyuma ya banda akamkuta Dundu, msukuma mavi, akiimba.

"Mbona umenenepa hivyo?"

"Kwa hisani yako, dada! Pumba unazomeza nazikuta zote huku nyuma. Kwa Nguruwe siambulii kitu. Endelea tu, wanangu wanakuombea maisha marefu!"

Mtetea aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto, akakimbilia mahindi.

Vifaranga walipotoka, Dundu alikuwa ameshahama na wanawe. Alipoulizwa sababu, alisema, "Pale hapana riziki tena. Siku hizi yule mama anakula chakula chake mwenyewe."