Vidole Kwenye Pazia

Biashara ni matangazo. Kila asubuhi, kabla sijafungua duka langu la ushonaji kwenye chumba cha mbele, nilirekodi video moja nikaiposti. Mwaka mzima sikuruka hata siku moja.

Leo, siku ya tatu tangu tumzike mama, nazifungua zote nikitafuta sauti yake. Kila moja inaishia pale vidole vyake vinaposhika pazia la mlango nyuma yangu. Yaliyofuata niliyakata mwenyewe, watu wasije wakanicheka.

Moja tu nilisahau kuikata.

“Mwanangu, umekunywa chai?”

“Mama jamani, unaniharibia kazi!”

“Haya, samahani. Nasubiri umalize.”

Pazia linarudi. Vidole vinabaki vimelishika mpaka video inaisha.