Kila Nyumba na Ndoo Yake

Kuku alitolewa ndooni kwa nguvu, akipiga kelele kama mwari anayeozwa asiyemtaka. Bimdogo akahamishia mayai kikapuni, akachota uchafu kwa kifuu, kisha akausawazisha mchanga kwa kiganja mpaka ukalala kama unga.

"Haya, sasa ni ndoo ya moto," alisema.

"Ilipokuwa ya kuku ilikuwa na faida zaidi," alijibu jirani yake, Mwanakuu.

Ndoo zile nyekundu ziligawiwa na manispaa mwaka uliopita, pamoja na mafunzo ya kuzima moto, moja kila nyumba. Zijazwe mchanga, zikae karibu na stovu, ili moto wa mafuta ya taa ukizuka ufukiwe kabla haujashika boriti. Mpango mzuri, hakuna aliyeukataa. Lakini ndoo nzima, isiyovuja, ikae bure ikingojea balaa? Ya Mwanakuu ilioteshwa mwasumini. Ya nyumba ya tatu ilirowekewa mchele wa vitumbua. Nyingine zilikwenda kusaidia harusini, zikapotelea huko huko. Mtaa mzima ulibakiwa na ndoo moja yenye mchanga, na hiyo kwa hisani ya kuku.

Na leo chuo kikuu kilikuwa kinakuja kutazama kama mafunzo yale yameshika. Kilikuja kwa miguu ya Mwanaesha, binti wa kaka yake Bimdogo.

Mwanaesha aliachwa na mumewe mtoto akiwa bado ananyonya. Akaenda masomo ya jioni, mtoto mapajani, kalamu mkononi, mpaka akapata kibarua cha utafiti huo wa moto majumbani. Sasa chuo kilitaka mtafiti mmoja wa kudumu, na waliokuwa wakitazamwa ni wawili: yeye, aliyepewa mtaa huu wa Mji wa Kale, na Priscah, aliyepewa mtaa wa Buxton. Akiikosa nafasi, ami yake alikwisha sema: ataolewa na Bwana Gharib muuza mafuta ya taa, mwenye wake wawili na jino moja.

"Huko Buxton nasikia wamemwaibisha Priscah," alisema Mwanakuu. "Wamemwambia kweli tupu. Ndoo wanafulia, stovu wanaijaza mafuta na huku yawaka. Mmoja kamwonyesha na kovu."

"Maskini, mtoto wa watu," alisema Bimdogo, na macho yakimcheka. "Kwetu hapana mtoto atakayeaibishwa. Wewe nenda kwako, ungoje."

Hodi ikapigwa. Mwanaesha aliingia na buibui lake, nyuma yake Bwana Kenga, mkubwa wa utafiti, mtu mpole aliyevua viatu bila kuambiwa.

"Sabalkheri, shangazi."

"Sabalkheri, mwanangu. Karibuni, karibuni. Ndoo ndiyo ile."

Bwana Kenga alitia kidole mchangani. Mkavu. Akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Shangazi," alisema Mwanaesha, "hakuna tatizo lolote? Kama ndoo mwaitumia kwa jambo jingine, sema tu. Hatukuja kumlaumu mtu."

Bimdogo alimtazama kwa fahari. Ndivyo msomi anavyosema mbele ya mkubwa wake.

"Tatizo gani, mwanangu? Sisi moto ndio watuogopa."

Wageni waliposhuka ngazi, ndoo ilipanda. Bimdogo aliibeba mpaka kwenye wikio, ule ujia wa juu kwa juu unaounganisha nyumba na nyumba ili wanawake watembeleane bila kukanyaga njia. Mwanakuu aliipokea upande wa pili, akaiweka karibu na stovu, akafunga kanga upya na kwenda kuitikia hodi bila hata kuhema. Kutoka kwake ikavuka ukuta wa paa la sakafu. Kutoka huko ikapita uani kwa nyuma, Bimdogo akiisindikiza nyumba hadi nyumba. Katika kila nyumba Bwana Kenga alitia kidole, na kila alipokitia Mwanaesha aliuliza tena, sauti ikizidi kushuka: "Semeni tu, mama zangu. Kama haikai hapa, semeni haikai."

"Yakaa wapi tena?" walimjibu, na kumpigia ukope.

Katika nyumba ya mwisho Mwanaesha aliona unyoya umechomoza mchangani. Akauokota, akaufumba kiganjani. Kisha akaligeukia pazia, akamwona upenyoni shangazi yake, jasho likimtiririka, na akamtazama kwa macho yaliyojaa machozi.

Ametufahamu, Bimdogo aliwaza. Yuashukuru, mwanangu.

Siku ya majibu wanawake walikusanyika kwa Bimdogo kabla Mwanaesha hajarudi. Kaimati zilikuwa tayari, na kuku alikuwa amerudishwa mahali pake. Mwanaesha aliingia, akampakata mtoto, akaketi.

"Mtaa wetu umetoka wa kwanza," alisema. "Bwana Kenga asema hajapata kuona. Hakuna nyumba hata moja yenye kasoro."

Vigelegele vikapanda mpaka darini. Mwanakuu akatia shira juu ya shira.

Mwanaesha alingoja mpaka wakanyamaza.

"Kwa hivyo hapa hapana tena cha kutafitiwa. Matatizo yako Buxton, na kazi iko huko huko. Kapewa Priscah, ambaye watu wake wamemwambia mambo yalivyo."

Kaimati ya Mwanakuu ilibaki njiani, haikufika kinywani. Bimdogo aliliona jino la Bwana Gharib, peke yake, likimchekea.

"Lakini msihuzunike," alisema Mwanaesha, akimpangusa mtoto pua. "Jumamosi mkuu wa zimamoto yuwaja kuwapiga picha, mwonyeshwe Mombasa nzima. Ataka msimame nyote barazani kwa pamoja, kila mmoja na ndoo yake."