Aliyeshika Usukani

Kwa miaka minne Lusekelo alikuwa akilifufua basi kuukuu la Kiingereza ambalo marehemu baba yake aliliendesha. Mji mzima ulikijua kisa: breki zilikatika mteremkoni, na dereva akapambana nalo mpaka likasimama, abiria wote wazima. Asubuhi ya uzinduzi, jina la baba yake lilikuwa tayari limeandikwa mlangoni kwa rangi nyekundu.

Bi Tabu, aliyekuwa kondakta wa basi lile, aliingia gereji mapema kuliko wageni. Alilisoma lile jina, akatikisa kichwa.

"Shikamoo, mama. Nimekosea herufi?"

"Marahaba, mwanangu. Herufi ziko sawa." "Baba yako aliruka nje. Usukani niliushika mimi."

Lusekelo aliligeukia lile jina. "Mbona hukusema miaka yote hii?"

"Ilikuwa usiku, abiria hawakuona; naye aliniomba nimsitiri. Nawe ulikuwa bado tumboni mwa mama yako."

Nje, wageni walianza kupiga vigelegele. Lusekelo alifungua mlango wa dereva, akamshika mama yule mkono, akampandisha. Bi Tabu aliketi, akaufumbata usukani kwa mikono miwili.