Samaki wa Kiende

Kwa wiki mbili, mwanafunzi wangu Kiende alifinyanga kwa udongo wa Nkubu yule samaki wa kale wa somo letu la mageuko, aliyeanza kutoka majini kwenda nchi kavu. Ndani ya kila pezi la mbele aliunda kifundo cha mkono, kama changu.

Siku ya maonyesho, pasta, mwenyekiti wa bodi ya shule, alisimama mbele ya meza yetu. Alikuwa hajatia sahihi kandarasi yangu mpya, na hakutaka mageuko yafundishwe shuleni.

"Mwalimu, hiki ni nini?"

"Ni mamba, Pasta."

Kiende akanitazama.

Pasta aliinama, akagusa pezi kwa kidole. "Mamba gani ana mapezi?"



"Ni mimi nilikosea, Pasta," Kiende akasema. "Mwalimu alinifunza vizuri."