Paja la Mbuzi Kwenye Karatasi ya Maua

Siku ya Krismasi kila nyumba hutazama filamu, na televisheni nayo huwatazama wenye nyumba. Filamu ikiisha kabla taa ya televisheni, inayopima roho ya Krismasi, haijawa ya kijani, mtoto huhamishiwa kwa familia yenye roho ya Krismasi mpaka Pasaka.

Kwa Aikande, kule Marangu, walikuwa wameimba, wamecheka mpaka mbavu zikauma, na wamegawana mbuzi kimila, kila mtu na pande lake. Taa bado nyekundu.

“Hiki kidude kina njaa ya nini?” mama mkwe akauliza.

Aikande alishaanza kukishuku. Kwenye filamu, watu walilia kwa furaha pale tu walipofungua maboksi. Akanyakua paja la mbuzi, akalifunga kwa karatasi ya maua, akampa binti yake Namsifu.

“Fungua, mwanangu. Shangaa!”

“Lakini nimekuona ukilifunga!”

“Shangaa hivyo hivyo, wasije wakakuchukua!”

Namsifu akachana karatasi, akapiga yowe. Taa ikawa kijani.

“Kumbe roho yenyewe ni karatasi!” mama mkwe akaangua kicheko.

Aikande akamkumbatia bintiye kwa nguvu. Mtoto akatulia kifuani, ila vidole vyake vilipapasa mgongoni mwa mama, vikitafuta pa kuchana.