Ngiri na Desturi ya Kuingia Shimoni

Haya niliyaona kwa macho yangu mawili, na anayedai kuona zaidi yangu ajitokeze.

Moto ulikula nyika siku tatu. Nungunungu akafika na wanawe wawili, miguu imewavimba, akasimama mlangoni kwa Ngiri.

"Hodi, mzee. Kwetu kumeungua."

"Kila anayepita hapa kwao kumeungua," Ngiri akajibu kutoka ndani. "Shimo hili ni la babu yangu."

Shimo lilichimbwa na mhanga, yule mnyama mla mchwa, lakini nani amwambie?

"Nafasi ipo, mzee. Naiona."

"Nafasi ipo, desturi je? Sisi wenyeji huingia kinyumenyume. Ukishindwa, rudi ulikotoka."

"Mzee, mimi nikija kinyumenyume watu huumia."

"Wageni kwa visingizio!"

Nungunungu alikuwa hoi, hakuweza kubishana. Akageuka akaingia kama alivyoagizwa, miiba ikitangulia. Ngiri akapiga yowe, akageuka akachomokea tundu la nyuma, matako yamejaa miiba kama mto wa sindano. Huko nyuma akakutana na moto wenyewe. Akazunguka mbio hadi mlangoni.

"Hodi, mama. Tafadhali."

Nungunungu akawasogeza wanawe.

"Karibu, mzee. Ingia unavyojua."

Yote ni kweli tupu, isipokuwa hayo maneno ya mwisho, nimeyatia mimi. Aliwasogeza watoto tu, hakusema kitu.