Sauti Waliyopangiwa

Tangu picha zipigwe marufuku, filamu za kale huchezwa redioni, na kila nyumba hupangiwa sauti ya kutoa kupitia redio yake. Nyumba ya Mwanakheri ilizoea kupewa sauti nyepesi: vifuu vikigonganishwa vikawa kwato za farasi, mchele ukipepetwa ungoni ukawa mvua. Juzi mtangazaji akawakemea, "Mvua yenu ni ya uongo. Tunataka sauti za kweli."

Jirani yao Bi Ruzuna alipangiwa kilio cha mjane. Alilia hadi nchi nzima ikamsifu. Mumewe hajaonekana tena.

Jioni hii redio ikatamka, "Nyumba ya Mwanakheri: mwanamke anaanguka ngazini."

Mwanakheri akabeba gunia la viazi hadi chini ya ngazi yao. "Tubwage hili, Baba Saumu."

Mumewe akampokea gunia, akalitua chini taratibu.

"Watajua, mke wangu," akasema, akimshika mkono. "Panda."